Tuijue Dunia: Ghuba ya Boothia, mgono wa barafu



Juzi jioni mjukuu wangu wa darasa la sita alitandaza ramani ya dunia juu ya mkeka, akaanza kusafiri kwa kidole. Akaivuka Ulaya, akaivuka bahari, akafika Kanada, kisha akapanda juu kabisa, kule nchi inakomeganyika vipandevipande kama chungu kilichoanguka. Akasimama. "Babu, hapa pana majina mengi, lakini hakuna mji hata mmoja. Je, majina haya aliyapeleka nani, ikiwa hakuna watu?"

Nikainama nitazame. Kidole chake kilikuwa juu ya Ghuba ya Boothia. Nikamwambia, "Mwanangu, umeuliza swali zuri. Watu wako, na walikuwako kabla ya majina hayo." Basi leo nataka niwasimulieni ninyi pia niliyomsimulia yeye.

Sura ya ghuba

Mnaoishi kando ya maziwa au mito mnaujua mgono. Mdomo wake ni mpana, samaki huingia bila shida. Lakini ndani hupungua na kufumbwa, na samaki aliyekwisha ingia hana pa kutokea. Ghuba ya Boothia ndivyo ilivyo. Mdomo wake unaelekea kaskazini, nayo inaingia ndani ya nchi kuelekea kusini, hata inakoma katika mfuko uitwao Ghuba ya Committee. Hapo maji yamefika mwisho.

Upande wa magharibi kuna Rasi ya Boothia. Hiyo ndiyo ncha ya kaskazini kabisa ya bara la Amerika. Ukiivuka, vilivyobaki ni visiwa tu. Upande wa mashariki kuna Rasi ya Melville, na juu yake kisiwa cha Baffin, kisiwa kikubwa hata kinapita nusu ya Tanzania yetu.

Tena kuna milango miwili midogo ya pembeni. Wa mashariki unaitwa Mlango wa Fury na Hecla, kwa majina ya merikebu mbili za Kiingereza. Wa magharibi, ulio juu ya Rasi ya Boothia, unaitwa Mlango wa Bellot, kwa jina la afisa kijana wa Kifaransa aliyeuona mwaka 1852. Mlango huu ni mwembamba, kama kilomita moja hivi mahali pembamba kabisa, na maji hupita humo kwa nguvu kama mto wakati wa masika. Milango yote miwili huzibwa na barafu muda mrefu wa mwaka.

Sasa sikilizeni jinsi mgono huo unavyofanya kazi. Barafu nyingi hutoka bahari ya kaskazini. Upepo na mkondo wa maji huisukuma iingie mdomoni mwa ghuba, iteremke kusini. Ikifika chini haina pa kutokea. Vipande hupandana, hugandamana, na baridi ijapo huvishika pamoja. Pengine barafu ya mwaka mmoja haiyeyuki kiangazi, ikamngoja mwenzake wa mwaka wa pili. Ndiyo maana ghuba hii kwa miaka mingi ilikuwa mahali pagumu mno kwa merikebu kufika, na pagumu zaidi kuondoka.

Pwani yake haina mti hata mmoja. Mahali pengine ni majabali na visiwa vya mawe magumu. Mahali pengine, kama Rasi ya Simpson, ni tambarare za chini zenye mawe ya chokaa. Ardhi chini imeganda daima. Wakati wa kiangazi huyeyuka juu juu tu, ikaota majani mafupi na maua madogo yanayotambaa. Wakati wa baridi jua halionekani kwa majuma kadhaa, kati ya Desemba na Januari; na wakati wa kiangazi halitui, usiku na mchana. Baridi ya Februari kwa kawaida ni nyuzi 30 na zaidi chini ya pale maji yanapoganda. Wale walioupanda mlima Kilimanjaro hata kileleni wameonja baridi. Lakini hiyo ingekuwa joto kwa watu wa Boothia.

Wenyeji wake

Mtasema, nani awezaye kuishi huko? Wapo. Zamani wageni waliwaita Waeskimo. Wenyewe hujiita Wainuit, na maana yake ni "watu". Wale wa pwani ya magharibi ya ghuba hii wanaitwa Wanetsilik, yaani watu wa mahali penye sili. Sili ni mnyama wa baharini anayeogelea kama samaki lakini huvuta pumzi kama sisi. Bahari ikiganda, sili hutoboa matundu katika barafu apate kupumua. Mwindaji wa Kinetsilik alisimama juu ya tundu hilo na mkuki mkononi, bila kutikisika, saa baada ya saa, akingoja pumzi moja tu.

Mwezi wa Agosti samaki wekundu wanene wanapopanda mitoni kutoka baharini, watu walijenga uzio wa mawe kuvuka mto, wakauacha mlango mmoja. Samaki wakiingia, mlango ukafungwa, na watu wakashuka majini na mikuki yao. Mnaona? Na wao wanajua kutega. Nadhani wavuvi wetu wangekaa nao jioni moja, wangeelewana hata bila lugha.

Lakini jambo lililonistaajabisha kuliko yote ni hili. Mbao hazipo, na mtu anahitaji gari la kukokotwa na mbwa juu ya theluji. Wanetsilik walifanyaje? Walichukua samaki, wakawapanga mstari, wakawaviringisha ndani ya ngozi iliyoloweshwa, wakauacha mzigo huo nje ugande. Ukawa mgumu kama mti. Wakaweka viwili sambamba, wakafunga pembe za wanyama katikati, na gari likawa tayari. Majira ya joto yalipokaribia na gari likaanza kulegea, walilifungua na kuwala samaki. Je, ni nani kati yetu aliyewahi kula gari lake?

Kapteni aliyeupita mlango

Sasa nitawaeleza habari za jina. Mwaka 1829 Kapteni John Ross wa Uingereza aliondoka na merikebu iliyoitwa Victory, akitafuta njia ya bahari ya kupita juu ya Amerika hadi Asia. Gharama kubwa ya safari ilitolewa na tajiri mmoja wa London, Felix Booth, mtengenezaji wa pombe kali. Kwa shukrani Ross aliita nchi aliyoiona Boothia, na ghuba ikapata jina hilohilo. Hivyo pwani nzima ina jina la mtu asiyepata kuitia machoni. Haya, mjukuu wangu, jibu la swali lako ndilo hilo.

Akiteremka ndani ya ghuba, Ross aliupita Mlango wa Bellot akidhani ni hori tu la kawaida. Mlango aliokuwa akiutafuta, ule wa kwenda magharibi, ulikuwa pale, naye akaupita. Akaendelea kusini mpaka barafu ikamfunga. Mgono ukamshika.

Tarehe 9 Januari 1830, katika baridi ile, Wanetsilik walitokea karibu na merikebu. Pande zote mbili ziliogopa kwanza. Kisha silaha zikatupwa chini, watu wakakumbatiana. Kati yao alikuwako mtu mmoja, Tulluahiu, aliyepoteza mguu kwa dubu. Seremala wa merikebu akampima, akamchongea mguu wa mti, na Tulluahiu akaweza tena kutembea na kuwinda. Wema huo mdogo ulifungua mioyo. Wenyeji wakaleta samaki, nyama ya sili na mavazi ya ngozi. Wageni wakatoa visu na sindano.

Hasa nyama ile ilikuwa dawa. Mabaharia wa zamani walikufa sana kwa kiseyeye, ugonjwa wa fizi na viungo unaomshika mtu akikosa vyakula vibichi. Ross aliona kwamba wenyeji hawaugui, akawatia moyo watu wake wale wanavyokula wenyeji.

Tena aliuliza njia. Mmoja wa wenyeji, Ikmallik, alikalishwa chumbani mwa kapteni, akapewa karatasi na kalamu, vitu asivyovizoea. Akachora pwani, kona kwa kona. Akaonyesha kwamba kusini hakuna pa kutokea. Mwenye merikebu hana budi kurudi kaskazini alikotoka. Miaka michache kabla yake, mwanamke wa Kiinuit aitwaye Iligliuk alikuwa amemchorea mwingereza mwingine, Parry, njia ya upande wa mashariki, na Parry alipokwenda mwaka 1822 aliukuta Mlango wa Fury na Hecla palepale alipoonyeshwa. Ramani ya ghuba hii, ndugu zangu, ilikuwa vichwani mwa wenyeji zamani sana kabla ya kuchapwa London.

Wenyeji hao pia walimwongoza James Clark Ross, mpwa wa kapteni, kuivuka shingo ya nchi hadi ng'ambo ya magharibi. Huko, tarehe 1 Juni 1831, alifika mahali ambapo sindano ya dira iliyotundikwa ilielekea moja kwa moja chini. Akawa mtu wa kwanza kufika kwenye ncha ya sumaku ya dunia upande wa kaskazini. Tangu siku zile ncha hiyo imehama, imekwenda mbali kuelekea upande wa Siberia.

Lakini barafu haikuachia. Kiangazi cha 1830 Victory ilisogea maili chache tu ikaganda tena. Cha 1831 vivyo hivyo. Mwezi Mei 1832 wakaitelekeza, wakatembea kaskazini kwa miguu wakikokota mashua na chakula. Walifika pwani ambako merikebu Fury ya Parry iliharibika mwaka 1825, wakakuta makopo ya chakula chake yangali mazuri. Wakajenga kibanda, wakapisha baridi nyingine moja, ya nne. Katika baridi hiyo yule seremala, aliyemchongea mwenzake mguu, akafariki.

Agosti 1833 hatimaye maji yalifunguka, wakapanda mashua. Wakaona tanga. Mashua iliyotumwa kuwapokea iliwaambia merikebu ile ni Isabella, iliyowahi kuongozwa na Kapteni Ross. Ross akasema kwamba yeye ndiye. Wakamjibu kuwa haiwezekani, Ross alikwisha kufa miaka miwili iliyopita! Baada ya miaka minne katika barafu, alikuwa amepoteza watu watatu tu.

Waliouliza na waliopuuza

Mwaka 1845 wakaja wengine, Kapteni John Franklin na watu 129 kwa jumla, katika merikebu mbili kubwa zenye shehena ya miaka mitatu. Barafu iliwakamata upande wa pili wa Rasi ya Boothia. Hawakurudi hata mmoja. Ulaya haikujua yaliyowapata.

Aliyeleta habari ni Daktari John Rae, mtu wa visiwa vya Orkney. Rae hakuwa na merikebu kubwa wala kundi la watu. Alijifunza kwa wenyeji kutembea juu ya theluji, kuwinda, na kujenga nyumba ya theluji kila jioni alipochoka. Mwaka 1847 aliizunguka Ghuba ya Committee kwa miguu, akafika mpaka mahali alipokuwa Ross. Akathibitisha kwamba ghuba imefumbwa kweli, kama Ikmallik alivyochora.

Aprili 1854, huko Ghuba ya Pelly, pembe ya kusini-magharibi ya ghuba yetu, Rae alikutana na mtu aliyevaa kichwani utepe wa dhahabu. Akauliza umetoka wapi. Akaambiwa: wazungu wengi walikufa kwa njaa mbali huko magharibi. Wenyeji wakamwuzia vijiko na vyombo vya fedha vyenye alama za wenyewe, pamoja na sahani ndogo iliyoandikwa jina la Franklin. Wakamwambia pia jambo la kuhuzunisha, kwamba njaa iliwafikisha wale watu kula maiti za wenzao.

Rae alipopeleka habari hizo London, hakushukuriwa. Mjane wa Franklin alikasirika. Mwandishi mashuhuri Charles Dickens aliandika gazetini kwamba neno la watu washenzi haliwezi kuaminiwa. Ndivyo ilivyo, wapenzi wasomaji: asiyekujua hakuthamini.

Lakini kweli haiozi. Mifupa iliyochunguzwa na wataalamu katika miaka ya 1990 ilikutwa na alama za visu. Merikebu ya kwanza ya Franklin ilionekana chini ya bahari mwaka 2014, katika eneo ambalo masimulizi ya wazee wa Kiinuit yalikuwa yakilitaja. Ya pili ilionekana mwaka 2016, baada ya mwindaji mmoja wa Kiinuit kueleza mahali alipokuwa ameona mlingoti umejitokeza katika barafu. Maneno ya wale "wasioaminika" yalikaa zaidi ya miaka mia na hamsini, yakangoja kusikilizwa.

Kanisa la mawe

Mwaka 1935 padre mmoja Mfaransa, Pierre Henry, wa Shirika la Waoblati wa Maria Imakulata, alikwenda kukaa na Wanetsilik wa Ghuba ya Pelly. Miaka michache baadaye akaja Mbelgiji, Padre Franz Van de Velde, aliyekaa miaka mingi na kuandika kwa uangalifu ukoo wa kila jamaa, nani mtoto wa nani. Mbao hazikupatikana, na merikebu hazikufika kwa sababu ya barafu. Basi wakajenga kwa kile kilichokuwapo: mawe na udongo. Kanisa lao dogo la mwaka 1941 lingali limesimama.

Mimi nikilifikiria kanisa lile nakumbuka vigango vyetu vya kwanza, vya miti na nyasi, vilivyojengwa kwa mikono ya akina baba na maji yaliyobebwa vichwani na akina mama. Mungu haombi marumaru mahali palipo na udongo. Lakini lipo neno jingine. Mapadre wale waliwahi kukaa hapo kwa sababu walikubali kwanza kuwa wanafunzi: kujifunza lugha, kula chakula cha wenyeji, kuvaa ngozi walizoshonewa na akina mama wa huko. Mwalimu asiyejifunza kwa wenyeji angekufa kabla ya mahubiri ya kwanza.

Siku hizi

Kijiji kimekua karibu na kanisa hilo. Zamani ramani zilikiita Pelly Bay, kwa jina la mkubwa mmoja wa kampuni ya Kiingereza. Tangu Desemba 1999 kimerudishiwa jina la wenyeji, Kugaaruk, maana yake kijito. Ndicho kijiji pekee katika pwani yote ya ghuba hii, nacho kina watu kama elfu moja. Dubu weupe wa ghuba wanakadiriwa kufika 1,500. Kwa hiyo huko dubu ni wengi kuliko watu!

Ndege hufika, na meli huja mara moja tu katika kiangazi, ikifunguliwa njia na meli yenye nguvu ya kuvunja barafu. Mwaka 2017, wakati wa baridi kali, shule ya kijiji iliteketea kwa moto. Vifaa vya kujenga upya ilibidi vingoje bahari ifunguke. Sisi tukilalamika kwamba lori la saruji limechelewa juma moja kwa ajili ya matope, tuwakumbuke wenzetu.

Tena hewa ya dunia inapata joto, na barafu ya kaskazini inapungua. Wazee wa huko wanaosoma barafu kama sisi tunavyosoma mawingu wanaona alama zikibadilika. Barafu nyembamba ni hatari kwa mwindaji, na sili na dubu huishi kwa barafu. Watakaokwenda huko sasa na meli na vyombo vyao watafanya vema kumkalisha mwenyeji mezani, wampe karatasi, wamwombe achore.

Nami namaliza. Mjukuu wangu alipokwisha sikiliza, alichukua kalamu akatia nukta ndogo kwenye ramani, pembeni mwa ghuba, akaandika "Kugaaruk". Nikamwambia, "Vema. Sasa pana watu." Nanyi wazazi, wanenu wakiwauliza habari za kijito cha nyuma ya nyumba, mlima ule, au jina la bonde, msiwafukuze. Wapelekeni kwa bibi na babu wakaulize. Kuuliza si ujinga. Na mengi yaliyo vichwani mwa wazee wetu hayamo katika ramani yoyote, nao wazee hawangoji miaka mia na hamsini.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.